Ukimya haupandi jukwaani

Kila msimu wa matamasha lazima nipate ujumbe wa namna hii: "Yule dada ameniangusha. Albamu yake mpya nimeisikiliza mwezi mzima, lakini jukwaani nimemsikia mtu mwingine kabisa." Wanaoniandikia hawajui kuwa mara nyingine mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, siku hiyo. Basi nijitetee kidogo, maana lawama nusu ni ya fundi sauti na nusu ni ya fizikia.

Tuanze na albamu. Wasanii ninaowazungumzia ni wale wanaojitungia nyimbo na kujisimamia, gitaa mkononi, bila lebo kubwa nyuma yao. Wengi hurekodi chumbani. Maiki inakaa sentimita kumi hivi kutoka mdomoni, na kwa maiki nyingi za studio, ukaribu huo peke yake unaongeza besi kwenye sauti: mtu anasikika mzito, wa karibu, kana kwamba ameinama sikioni mwako. Halafu inakuja kompresa, inayoshusha vilele vya sauti ili vile vidogo vyote vipate kuinuliwa. Pumzi kabla ya ubeti, kidole kinachoteleza kwenye waya, mate. Ukivaa hedfoni usiku, hivyo ndivyo unavyovipenda, hata kama unadhani unapenda melodia.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, ingawa yeye lebo kubwa alikuwa nayo. Mapema mwaka 1982 alirekodi nyimbo nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ya kaseti yenye treki nne tu, yaani njia nne za kurekodia, akikusudia ziwe za kuwaonyesha wenzake wa bendi. Wakaingia studio kamili, wakajaribu kuzipiga upya, nyingi zikakataa. Mwishowe kaseti ile ile ndiyo ikawa albamu, Nebraska. Kama nyimbo zile zilishindwa kuhamia studio yenye mafundi na muda wa kutosha, zitahamiaje uwanjani saa tisa mchana?

Chumba kilichotulia usiku kina kelele ya desibeli 30 hivi. Umati unaoongea, na watu wanaokwenda kutafuta vinywaji, unafika 70 bila taabu. Kila kitu kilicho chini ya hapo kimezama, na kilichozama ndicho hasa ulichokuwa unakisikiliza. Dawa inaonekana rahisi: ongeza sauti. Naongeza, na gitaa linaanza kunguruma.

Hapa wenye magitaa ya umeme hawanielewi. Gitaa la kawaida la mbao ni sanduku lenye tundu, na hewa iliyo ndani yake inapenda kutetemeka karibu na hertz 100, yaani mara 100 kwa sekunde. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye sanduku, ubao unatetemeka, pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti kilichofungwa kwenye gitaa, inaunyaka mtetemo ule na kuurudisha kwenye spika. Mzunguko ukishafunga, unasikia "vuuuu" na msanii ananitazama kwa macho ya kuua. Kwa hiyo naziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira, nakata masafa yale yanayonguruma, nageuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi la sauti. Yote yanasaidia, na kila moja linachukua nyama kidogo ya gitaa. Ongeza hapo kwamba pikapu nyingi hukaa chini ya tandiko, kile kipande nyuzi zinapolalia: zinasikia mgandamizo wa nyuzi na si mbao. Ndiyo maana gitaa la bei mbaya, uwanjani, linaweza kusikika kama la plastiki.

Na muda haupo. Msanii ametumia miezi chumbani kutafuta sauti ile. Mimi napewa dakika ishirini kati ya msanii mmoja na mwingine, tena robo yake inaishia kwenye kuhamisha ngoma. Ukiondoa majina makubwa, hakuna kupima sauti kwa maana halisi. Tunahakikisha tu kwamba kila waya unaleta kitu: gusa uzi, sema "moja, mbili", basi. Kwa maneno mengine, wimbo wa kwanza ndio kipimo changu. Wasanii wazoefu wanalijua hilo, hufungua na wimbo ambao hawatasikitika ukiharibika. Wageni hufungua na ule mzuri kuliko wote, wakaupoteza.

Upepo nao una kesi yake. Ukivuma, sauti za juu zinayumba, na huko juu ndiko ziliko s, sh na t, yaani ndiko yaliko maneno. Besi ya jukwaa la jirani, kwa upande wake, haijali upepo wala ukuta wa turubai. Inakuja tu, ikitwanga katikati ya ubeti wako wa huzuni. Aina nyingine za muziki zinaweza kuvumilia maneno yakipotea. Huu hauwezi. Kule Marekani, kwenye tamasha la muziki wa folk la Newport mwaka 1965, mwimbaji Bob Dylan alipopanda na bendi ya umeme na kuzomewa, Pete Seeger, mwimbaji mkongwe wa folk, alikuja kueleza baadaye kwamba kilichomkasirisha yeye ni kutosikia maneno. Watu wanabishana hadi leo kama tatizo lilikuwa gitaa la umeme. Mimi, kwa upendeleo wa kazi, huwa naanza kwa kumtilia shaka mtu wa mikisa.

Sasa, mtu afanyeje? Wengine huongeza bendi. Wengine hubeba albamu yao kwenye kompyuta, vinanda na sauti za nyuma vikipigwa kutoka humo. Shoo haiharibiki, lakini huwa najiuliza kwa nini nimetoka nyumbani. Ninaowaheshimu ni wale wanaoutunga wimbo upya kwa ajili ya uwanja: wanapandisha ufunguo ili sauti itoke kifuani badala ya kooni, wanafuta ubeti mmoja, wanapiga gitaa kwa mdundo mmoja unaoweza kubebwa na spika.

Na wapo ambao nyimbo zao zilishavuka tangu kutungwa. Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, diski ya kinanda cha kielektroniki cha Stevie Wonder ilipotea dakika za mwisho. Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa ameshapiga mapema siku hiyo, akarudishwa kuziba pengo: gitaa moja, maiki moja, mbele ya uwanja mzima. Albamu yake ya kwanza ilikuwa na miezi miwili tu sokoni. Baada ya hapo ikapanda hadi kileleni. Sikiliza alivyokuwa akiimba: sauti imeketi chini, imara, kila neno lina mwisho wake, na gitaa linarudia umbo moja bila mapambo. Fundi hana kazi kubwa hapo.

Wikendi ijayo nina mwimbaji ambaye albamu yake mpya naipenda kweli. Katika wimbo wa tatu kiti alichokalia kinalia, "kwii", kabla tu ya kiitikio, na nakiri huwa nakingoja kwa hamu. Juzi amenitumia mahitaji yake ya jukwaani, mistari mitatu tu: maiki moja, gitaa moja, kiti kisicholia. Nimekwenda stoo kukijaribu kile tulicho nacho. Kinalia.