Amani ya moyo kwa hii Nairobi: maswali yenu na majibu

Swali: Naamka saa tisa usiku nikiwaza madeni na usingizi haurudi. Ni ugonjwa?

Jibu: Mara nyingi ni mwili tu unaona hatari. Ukiwa na wasiwasi unatoa adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na hapo usingizi utatoka wapi? Sasa ongeza meseji ya loni inaingia saa nne usiku na wewe bado unaskroli kitandani. Simu ilale jikoni, kama ndio alamu yako basi afadhali, itabidi uinuke kuizima. Halafu chukua karatasi uandike unadaiwa na nani, ngapi, na lini, kwa sababu deni ambalo hujaandika linazunguka kichwani usiku kucha. Loni zinazokata ada kila siku kama Fuliza ya M-Pesa anza nazo, usikope huku ukilipa kule, hiyo imemaliza watu wengi sana. Na ile chai ya majani mengi baada ya sapa pia iangalie, ina kafeini, na baada ya kama masaa 5 karibu nusu yake bado iko mwilini, kwa hivyo saa tano usiku usishangae kwa nini uko macho.

Swali: Sina pesa ya yoga wala ya kwenda Naivasha. Nitapumzikia wapi?

Jibu: Kwani lazima ulipe? Shuka steji moja kabla utembee, simu mfukoni, uangalie watu na miti. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku 5. Ukiwa tao kaa Uhuru Park chini ya mti, na umshukuru Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, aliyepinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kujengwa hapo mwaka 1989, la sivyo ungekuwa unaangalia simiti.

Swali: Hii ya kuvuta pumzi inasaidia kweli?

Jibu: Inasaidia. Mko kwa jamu ya Thika Road, makanga anapiga kelele, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe pole pole ukihesabu 6, dakika 2 ama 3 hivi. Pumzi ikitoka taratibu moyo nao unapunguza mbio. Haitalipa rent lakini utafika ukiwa na akili timamu.

Swali: Nikiishi simpo marafiki watasema nimefilisika.

Jibu: Waache waseme. "Mwezi huu sitaweza" ni jibu kamili, huhitaji kujieleza.

Swali: Nitajuaje kama imezidi?

Jibu: Ukikaa wiki 2 au zaidi karibu kila siku uko na huzuni, hakuna kinachokufurahisha, huli, kazi imekushinda, nenda kliniki. Hata Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanatibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo, mambo ya kucheka watu eti wameenda Mathari tuache. Na kama umeanza kuwaza kujiumiza usingoje hizo wiki 2, mwambie mtu aliye karibu mwende hospitali leo leo.