Risasi ya mpira si mpira

Tangu intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israeli ulioanza 1987, watu wengi wakisikia wanajeshi wa Israeli wamewafyatulia Wapalestina "risasi za mpira" hupumua: afadhali, haziui. Jina ndilo linalotudanganya. Ipasue moja uone: ndani ni gololi ya chuma, nje utando mwembamba tu wa mpira. Ukiiweka kiganjani, uzito wake unakwambia yote.

Kanuni za Israeli zenyewe zinakiri hatari hiyo. Zinataka ifyatuliwe kutoka makumi ya mita, ilenge miguu, na watoto wasilengwe kabisa. Tatizo ni kwamba haina shabaha ya kuaminika. Iliyolengwa mguuni huishia jichoni, au kwa mtu aliyesimama pembeni, na kwa karibu hupasua fuvu.

Oktoba 2000, katika maandamano ya raia Waarabu ndani ya Israeli, Waarabu 13 waliuawa na polisi, baadhi kwa risasi hizi. Tume iliyoongozwa na Jaji Theodor Or ikasema mwaka 2003 kwamba polisi waache kuzitumia. Inaniuma kwamba katika Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na Israeli, jeshi liliendelea nazo.