Propu za alumini si sufuria

Ukipita kwenye mijengo ya Nyali au Bamburi, Mombasa, utalisikia tu kuhusu propu, zile nguzo za muda za kushikilia slabu, yaani sakafu ya zege, ikiwa bado bichi: alumini ni laini, hailingani na chuma, wala na boriti ya mkoko, kwa kubeba slabu. Ushahidi? Sufuria, ikianguka hubonyea.

Ila alumini ya sufuria karibu ni tupu, haikuchanganywa na kitu cha maana. Ya propu huchanganywa na magnesi na silikoni, kisha hutibiwa kwa joto, na nguvu yake hukaribia ya chuma cha kawaida cha ujenzi. Uzito wake ni kama theluthi moja tu. Na mzigo si mdogo: slabu ya milimita 150, zege likiwa bichi, ina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, bado mafundi na toroli zao.

Wanaoitilia shaka wana haki sehemu moja. Alumini hupinda mara tatu zaidi ya chuma chini ya mzigo uleule, ndiyo maana bomba lake hufanywa nene na pana. Moto wa kuchomelea nao huidhoofisha, kwa hiyo propu iliyopasuka haipelekwi kwa fundi wa geti.

Chumvi ya bahari haiitafuni kama chuma, lakini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, huliwa pale pale palipogusana. Zege bichi likirukia, lioshwe kabla halijakauka.

Boriti? Hakuna aliyeipima mzigo wake kabla ya kuisimamisha.