Jeli ya kucha ikinata si kwamba haijakauka

Katika saluni nyingi za Nairobi, kuanzia vibanda vya Moi Avenue hadi mitaani, utasikia kwamba jeli, yaani rangi ya kucha inayogandishwa kwa mwanga wa taa maalumu, ikitoka kwenye taa hiyo ikiwa bado inanata, basi haijakauka. Mteja anarudisha mkono ndani, dakika mbili, tena mbili. Haisaidii.

Jeli haikauki kama rangi ya kawaida ya kucha, ambayo majimaji yake hupotelea hewani. Mwanga wa taa huamsha kemikali zinazounganisha molekuli za jeli hadi iwe ngumu. Pale juu kabisa, oksijeni huzuia muungano huo, ndiyo maana hubaki utando mwembamba unaonata. Chini yake jeli imeshashika.

Kati ya mpako na mpako, uache utando huo. Mwishoni, kabla ya kushika tupa, upanguse kwa alkoholi ya aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi (pamba huacha manyoya, kisha lawama zote huangukia taa). Ukipiga tupa juu ya unato, tupa huziba na uso wa kucha hukwaruzika. Pangusa kuelekea ncha, usipake ngozini: jeli isiyoshika inaweza kuleta mzio.

Jeli ambayo kweli haijashika ni ile inayobonyea ukiigusa, au iliyojikunja. Hapo mara nyingi mpako ulikuwa mnene mno, mwanga usifike chini, au taa haiendani na jeli hiyo. Iondolewe, ipakwe upya nyembamba, hata kama ni Ijumaa jioni na foleni ni ndefu.