Unavuta sigara ngapi kwa siku? Maswali na majibu kwa wavutaji wa Lamu

Ukienda hospitali kwa kikohozi, presha au kidonda kisichopona, utaulizwa kama unavuta. Ukisema ndiyo, utaulizwa ngapi kwa siku. Jibu lako huandikwa kwenye faili na matibabu hupangwa kwa kulitegemea. Haya hapa ni maswali ambayo wavutaji na jamaa zao huuliza kuhusu jibu hilo.

Daktari, mtu akiulizwa kama anavuta si atadanganya tu?

Wengi hawadanganyi. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha maneno ya watu na vipimo vya mate, mkojo, damu au pumzi zao. Kati ya kila watu 100 ambao kipimo kilionyesha wanavuta, karibu 87 walikuwa wamekiri wenyewe. Ndiyo maana huniuma nikisikia mhudumu akisema wavutaji wote ni waongo. Mgonjwa anayepokelewa kama mshukiwa hujibu kama mshukiwa, na ziara ijayo hasemi kitu.

Shida iko kwenye hesabu. "Unavuta?" hujibiwa vizuri, "ngapi?" hujibiwa vibaya, mara nyingi bila nia yoyote ya kuficha.

Mimi najua navuta 10. Kwa nini hesabu yangu isiaminike?

Kwa sababu ni 10. Watafiti wakikusanya majibu ya wavutaji huona yamerundikana kwenye 5, 10, 15 na 20, kwa kuwa paketi ya kawaida ina sigara 20 na akili hupenda kuigawa. Ni nadra mtu kusema 7 au 13. Wavutaji haohao wakiombwa kuandika kila sigara palepale wanapoiwasha, mrundikano huo hupungua sana.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza paketi yenye sigara chini ya 10, lakini madukani sigara huuzwa mojamoja, na anayenunua mojamoja hana paketi ya kumkumbusha amebakiza ngapi. Moja baada ya chai ya asubuhi. Mbili gatini ukingoja boti ya Mokowe. Moja ya kupewa barazani, na ya kupewa watu hawaihesabu kabisa. Nyingine mmepokezana, ukapiga pafu tatu ukairudisha. Usiku wa kuvua hauna mipaka: umetoka jana na unarudi leo, sigara za saa tisa za usiku utaziandika siku gani? Na jioni ya miraa au muguka, sigara huwashwa kwa moto wa nyingine. Mtu akiulizwa kesho yake hutaja siku yake ya kawaida, na jioni ile huiona kama jambo la mara moja moja, hata kama huja kila wiki.

Makosa haya mengi huelekea upande mmoja tu, wa kupunguza. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, sigara ambazo watu walisema wanavuta zililinganishwa na zilizouzwa. Zilizotajwa zilikuwa pungufu kwa zaidi ya robo.

Shangazi yangu huvuta kwa siri, akiulizwa hukana. Wako wengi kama yeye?

Wapo, na hapa ndipo takwimu zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanaume wa Kenya, karibu 15 katika kila 100 walikuwa wanavuta, na kwa wanawake hata mmoja katika 100 hakufika. Ni kweli kwamba wanawake wetu huvuta kidogo kuliko wanaume. Lakini fikiria mwanamke wa Mkomani akiulizwa swali hilo sebuleni, mama mkwe yuko chumba cha pili na mlango uko wazi. Atajibu nini?

Korea Kusini, ambako mwanamke anayevuta huonekana vibaya, watafiti walipopima mkojo waligundua kwamba wanawake wanaovuta walikuwa zaidi ya maradufu ya wale waliokiri. Kwa wanaume tofauti ilikuwa ndogo. Scotland nako walichunguza wajawazito: waliosema wanavuta walikuwa karibu 24 katika kila 100, vipimo vikaonyesha 30. Watu hawa hawakusahau. Waliona haya, na haya hiyo ina gharama, maana moshi hupunguza uzito wa mtoto tumboni na huongeza hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati. Mjamzito asiyeweza kusema anavuta hawezi pia kuomba msaada wa kuacha.

Kwa hiyo, ndugu wauguzi, muulizeni mtu akiwa peke yake. Mpeni majibu ya kuchagua: navuta kama zamani, nimepunguza, niliacha nilipojua nina mimba, sijawahi kuvuta. Wajawazito wengi zaidi hufunguka kwa njia hiyo kuliko kwa swali la ndiyo au hapana.

Bibi yangu alisema havuti, lakini kipimo kikaonyesha nikotini. Amedanganya?

Huenda amesema kweli tupu. Muulize kuhusu tambuu. Wazee wengi wa pwani hutia tumbaku ndani yake, na nikotini huingia mwilini kupitia utando wa kinywa. Ugoro na kuberi ni vivyo hivyo. Swali lilikuwa "unavuta?" naye kweli havuti. Swali linalofaa ni: unatumia tumbaku ya aina yoyote, ya kuvuta, kutafuna au kunusa? Shisha nayo itajwe kwa jina, maana vijana wengi hawaihesabu kama tumbaku.

Vipimo hivyo hufanyaje kazi?

Viko vya aina mbili vinavyotumika zaidi. Cha kwanza unapuliza kwenye kifaa kinachosoma gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hupungua nusu kila baada ya saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo aliyevuta jana asubuhi anaweza kuonekana safi leo. Cha pili hutafuta kotinini, kitu ambacho ini hutengeneza kutokana na nikotini. Nikotini yenyewe hupungua nusu kwa saa 2 hivi, lakini kotinini huchukua karibu saa 16 hadi 20, na huweza kuonekana kwa siku kadhaa baada ya sigara ya mwisho.

Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kusema "huyu amevuta 14". Miili huvunja nikotini kwa kasi tofauti, na kwa mjamzito kasi huongezeka.

Mume wangu huvuta ndani ya nyumba. Kipimo kitasema navuta?

Kotinini yako itakuwepo, lakini kwa kawaida huwa chini sana ya ile ya mvutaji. Mtaalamu huzitofautisha.

Ramadhani sivuti mchana kutwa. Nihesabu vipi?

Hesabu kuanzia futari hadi daku, kisha mwambie daktari kwamba hiyo ni hesabu ya mfungo. Usimpe ya Shaabani, wala usijisifu kwamba umepunguza kabla hujahesabu. Wapo wanaobana sigara nyingi katika saa hizo chache.

Nimeshuka kutoka 20 hadi 8. Hatari imepungua kwa kiasi hicho?

Hapana, na ningependa ulielewe hili vizuri. Anayepunguza idadi mara nyingi huvuta kila moja kwa nguvu zaidi, hushikilia moshi kifuani, huifikisha hadi kwenye kishungi. Mwili unadai nikotini yake uliyoizoea. Namba 8 inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikakudanganya. Kwa moyo na mishipa, hata sigara chache kwa siku zina madhara makubwa. Kupunguza ni hatua nzuri ikiwa unaelekea kuacha.

Daktari anataka namba ya nini hasa?

Kwanza, kupima mzigo wa miaka. Paketi za kwa siku huzidishwa na miaka uliyovuta: paketi nzima kwa miaka 20 ni 20, nusu paketi kwa miaka hiyohiyo ni 10. Marekani, tangu 2021, pendekezo ni kwamba mtu wa miaka 50 hadi 80 aliyefikisha mzigo wa 20, na bado anavuta au aliacha ndani ya miaka 15, achunguzwe saratani ya mapafu. Aliyejipunguzia nusu kwa maneno huachwa nje.

Pili, dawa ya kuacha. Kibandiko cha nikotini huanza kwa miligramu 21 kwa anayezidi sigara 10 kwa siku, na kwa kawaida miligramu 14 kwa aliye chini yake. Ukitaja 8 na kweli ni 15, utapewa kibandiko dhaifu, hamu itakushinda siku ya tatu, utasema dawa haifanyi kazi. Tatu, upasuaji: mtu wa nusukaputi anahitaji kujua hali ya mapafu yako kabla hajakulaza.

Kama idadi inakutatiza, lipo swali rahisi zaidi: ukiamka, sigara ya kwanza huiwasha baada ya muda gani? Anayewasha kabla ya dakika 30 ana uraibu mzito zaidi, na karibu kila mtu hukumbuka asubuhi yake.

Nilishamtajia daktari namba ndogo. Nifanye nini sasa?

Kabla ya kurudi, hesabu kwa wiki nzima, Ijumaa na siku za miraa zikiwemo. Tia alama kwenye simu kila unapowasha, za kupewa pia, kisha gawanya jumla kwa 7. Ukifika mwambie hivi: "Zamani nilikisia. Wiki hii nimehesabu, na ni hizi." Kama mkeo au baba amekusindikiza na hutaki asikie, omba angoje nje. Una haki hiyo. Faili hurekebishwa kwa mstari mmoja.