Ute wa magoti hauishi kwa kukimbia

Juzi mama mmoja wa miaka 51 kaingia chumba changu cha matibabu na chupa ya maji ya bamia, yale yaliyolala usiku kucha mpaka yakawa yanavutika kama mlenda. Tangu Pasaka ameacha mchakamchaka wa alfajiri na wenzake. "Dokta, ute umeisha. Nimekimbia mpaka umeisha." Kaambiwa na jirani, na kwamba bamia inaurudisha. Nadhani huyo jirani ana wateja wengi kuliko mimi, maana ni mtu wa nne mwezi huu kuniletea maneno hayohayo, na wa pili kuja na bamia.

Tuelewane. Ute wa goti si grisi iliyotiwa kiwandani ikawa inapungua kwa kila kilomita. Unatengenezwa kutwa kucha na utando unaozunguka kiungo, na tangu mwanzo ni mililita chache tu, haujazi kijiko cha chai. Goti lenye ute mwingi ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu hilo limevimba. Bamia nayo ikishamezwa inasagwa tumboni kama mboga nyingine yoyote. Ule utelezi hauna njia ya kwenda gotini. Ipikie ugali.

Halafu kuna gegedu, hiyo inayofunika ncha za mifupa. Haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute huohuo, na ute unaingia pale gegedu inapokandamizwa na kuachiwa, kama sponji kwenye beseni la maji. Mtu anayeshinda kwenye kochi "kuyatunza magoti" anainyima chakula.

Takwimu zipo. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha tafiti nyingi wakaangalia kusagika kwa nyonga na magoti. Kwa wanaokimbia kwa kujifurahisha ilikuwa asilimia 3.5. Kwa wasiokimbia kabisa, 10.2. Waliozidi ni wakimbiaji wa mashindano, 13.3, na sidhani kama wewe ni mmoja wao. Atatokea mtu aseme wenye magoti mabovu walishaacha kukimbia mapema, ndiyo maana. Hoja nzuri. Lakini Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliwafuatilia wakimbiaji wa makamo kwa picha za eksirei kuanzia 1984 hadi 2002, na magoti yao hayakuharibika kuliko ya wasiokimbia.

Sasa, goti la yule mama lilikuwa linauma kweli, sikumbishia. Nilimsimamisha kwa mguu mmoja mbele ya kioo, nikamwambia achuchumae kidogo. Goti likalalia ndani, likitetemeka. Misuli ya paja na nyonga imelegea, basi. Nikamuuliza alikuwa anakimbia kiasi gani. Kilomita 3, kisha ndani ya wiki mbili akaruka hadi 10, kwa sababu ya fulana ya mbio za hisani! Hapo hata goti la kijana wa JKT lingelalamika. Nimempa wiki sita: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi, raundi tatu, kupandisha visigino kwenye ngazi (hili nampa kila mtu, hata aliyekuja na bega), na kukimbia dakika moja, kutembea mbili. Akipunguza uzito, kila kilo moja inayotoka inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Maneno mengine ninayoletewa nayapitia haraka.

"Nimeshapita hamsini, pumzi hairudi." Mapigo ya juu kabisa ya moyo yanapungua kwa umri, hilo halina dawa. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni nao hushuka kama asilimia 10 kila miaka kumi kwa asiyefanya mazoezi, ila huo unafundishika. Mfaransa Robert Marchand aliendesha baiskeli kilomita 24.25 kwa saa moja mwaka 2012, akiwa na miaka 100. Mwaka 2014 akarudia: kilomita 26.92. Kama una presha au kifua kinabana, pimwa kwanza, kisha tuongee.

"Koti la nailoni linayeyusha mafuta." Linatoa maji. Ukinywa, uzito umerudi.

"Baiskeli inatosha." Kwa moyo, ndiyo. Kwa mifupa, hapana, kwa sababu kiti ndicho kinachobeba uzito wako. Ongeza kutembea kwa kasi, ngazi, au kubeba vitu vizito.

"Baiskeli inaua nguvu za kiume." Kisukari na sigara zinaua zaidi. Ukihisi ganzi, simama kwenye pedeli kila baada ya dakika chache, au badilisha kiti. Na mkiwa hapohapo kwenye kiti, wengi mnakiweka chini mno, kisha mnakuja kwangu na goti. Panda, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Kama goti bado limekunjika, tafuta spana.