Asilimia 18 ya soseji si watu 18 kati ya 100

Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, lilitangaza kwamba kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa, kama soseji, zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Wengi walielewa kwamba walaji 18 kati ya 100 wataugua. Sivyo.

Jiulize kwanza: asilimia 18 ya nini? Ni ya hatari iliyokuwapo tayari. Tuseme watu 5 kati ya 100 hupata saratani hiyo maishani mwao. Asilimia 18 ya 5 ni 0.9, kwa hiyo wanakuwa karibu 6. Mgonjwa mmoja zaidi katika kila walaji 100 si jambo dogo, hasa ukihesabu taifa zima, lakini si 18. Habari inayotaja ongezeko bila kutaja kianzio imekunyima nusu ya hesabu, nami naona huko ni kumtisha msomaji bure.

Nyama hiyo iliwekwa pia kundi moja na tumbaku, la vitu vinavyosababisha saratani. Kundi hilo huonyesha uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa madhara. Sigara huua watu wengi zaidi, tena kwa mbali.